Isis: albamu tano, sauti mbili na besi isiyotajwa

Kwetu kuna ugomvi kuhusu albamu za bendi ya metali ya Isis. Mdogo wangu ni mtu wa *Oceanic*. Shemeji ni mtu wa *Panopticon*, ila anadai albamu hiyo ingekamilika kama Aaron Turner, mwimbaji wao, angeachiwa gitaa na kunyang'anywa maikrofoni. Kuna rafiki yetu mwingine, mzee wa panki na hadikoo (panki iliyoongezwa kasi na ukali), ambaye kwake bendi ilikwisha siku ilipojifunza kupiga kwa upole. Huyo anataka *Celestial* na EP za mwanzo, zile rekodi fupi kuliko albamu, basi. Mimi napiga besi, na kwa sababu hiyo wote watatu wamekataa niwe mwamuzi. Wana haki. Mwamba ngoma huvutia kwake, na humu ndani nitavuta mchana kweupe.

Kwa asiyewajua: Isis walianza Boston mwaka 1997, baadaye wakahamia Los Angeles, na mwaka 2010 wakavunja bendi kwa hiari yao wakiwa bado wanajaza kumbi. Turner alikuwa gitaa na sauti, Michael Gallagher gitaa, Jeff Caxide besi, Aaron Harris ngoma, na Bryant Clifford Meyer kinanda pamoja na gitaa la tatu pale lilipohitajika. Albamu kamili ni tano: *Celestial* (2000), *Oceanic* (2002), *Panopticon* (2004), *In the Absence of Truth* (2006) na *Wavering Radiant* (2009). Ukiwatafuta mtandaoni kwa jina tupu utaletewa habari za vita. Walijiita kwa jina la yule mungu wa kike wa Misri ya kale miaka mingi kabla ya lile kundi la wapiganaji wa Iraq na Syria lililoitwa hivyohivyo kusikika, na mwaka 2014 ukurasa wao wa Facebook ilibidi ubadilishwe uwe Isis the Band. Andika jina pamoja na la albamu, utajiokolea usumbufu.

Muziki wao unaitwa posti-metali, yaani metali iliyoacha mbio. Wimbo unakula dakika 7, 8, wakati mwingine 10. Rifu moja, yaani kipande kifupi cha gitaa, inarudiwa mpaka sikio liizoee, halafu ngoma inahama kidogo, gitaa la pili linapanda, na ukija kushtuka umeshafikishwa mahali pengine kabisa bila kuona kona ilikatwa wapi. Njia hiyo walikuwa wameshaipasua bendi za Neurosis wa Oakland na Godflesh wa Birmingham. Isis walichukua uzito wa wale wawili wakaongeza nafasi: sehemu ndefu za utulivu ambamo gitaa halina mkwaruzo na kila chombo kinasikika peke yake.

Na hapo ndipo ugomvi wa sauti unapozaliwa, kwa sababu ndani ya utulivu huo anaingia mtu mmoja kwa mngurumo.

Msimamo wangu nauweka mapema. Anayebeba wimbo katika bendi hii, yule ambaye melodia yake utaondoka nayo kichwani, ni Caxide na besi yake. Mngurumo wa Turner una kazi nyingine, ya kuongeza uzito na kuonyesha pale ambapo maji yamefika shingoni. Albamu inapokumbuka mgawanyo huo inakuwa bora, na inapousahau inalegea. Kwa kipimo hicho napanga hivi: *Panopticon*, *Oceanic*, *Wavering Radiant*, *Celestial*, na mwisho *In the Absence of Truth*. Mdogo wangu ameshasusa.

Nianze na huo mngurumo wenyewe, maana wengi wanaoulaumu wanadhani ni mtu aliyekasirika anapiga kelele. Mwimbaji anayeijua kazi hii hachubui nyuzi zake za sauti. Anasukuma hewa kutoka tumboni, na ile mikunjo iliyo juu ya nyuzi hizo ndiyo inayotetema na kutoa mkwaruzo. Ndiyo maana anaweza kufanya hivyo jukwaani usiku baada ya usiku na asubuhi akasalimia watu vizuri. Turner hana ule uzito wa kina wa waimbaji wa death metal ambao maneno yanamezwa kabla hayajatoka, wala ule mlio mkali wa black metal unaochoma sikio. Yake ni ya kifuani, pana, ya katikati, na ina asili ya hadikoo. Anavuta irabu. Silabi moja anaweza kuilaza juu ya pigo zima la gitaa na kuiacha hapo mpaka pigo lifuate. Mawimbi ya sauti ya namna hiyo yanakaa eneo lilelile ambamo magitaa yenye mkwaruzo yanakaa. Maana yake, mtu wa studio akiishusha kidogo tu, inayeyuka ndani ya magitaa na unabaki unajiuliza kama ni mtu au ni amplifaya.

Sauti yake ya pili, ile safi, ni habari nyingine. Nitaifikia.

*Celestial* nitaipitia haraka kwa sababu yenyewe haitaki kubembelezwa. Ni karibu saa nzima ya rifu nene, mandhari ya minara na ishara za redio, na vipande vifupi vya mlio wa mitambo vinavyounganisha nyimbo. Turner hapa anabweka zaidi kuliko kunguruma, sentensi fupi fupi, na karibu hakuna pahali anapopumzika. Rafiki yetu wa hadikoo anasema huo ndio ukweli wa bendi kabla haijaharibiwa na sifa. Namwelewa. Wimbo wa *Celestial (The Tower)* bado unanikalia kifuani kila ukianza. Lakini besi imefukiwa chini ya kila kitu, na bila besi kupata hewa albamu inachosha katikati. Anayetaka nguvu tupu aichukue, hatajuta. Anayetaka kurudiarudia ataikuta kwenye rafu ikimsubiri muda mrefu.

Miaka miwili baadaye ikaja *Oceanic*, na hapo watu walianza kulia kwenye tamasha za metali. Albamu inasimulia kisa kimoja: mwanamume aliyekuwa amekufa ganzi anapata penzi, anafufuka, kisha anagundua kwamba mwanamke huyo ana uhusiano wa kimapenzi na kaka yake mwenyewe wa damu, na hapo mwanamume anajitosa majini. Ni kisa kizito, na kingeweza kuwa tamthilia ya kujililia kama kingeimbwa kwa maneno yanayosikika wazi. Hakikuimbwa hivyo. Maneno ni machache, mengi yamefunikwa na mngurumo, na maji unayasikia kwenye vyombo: gitaa linakuja na kurudi, besi ya Caxide ina mtetemo wa majimaji unaotokana na kifaa cha miguuni kinachoirudufu sauti na kuipindisha kidogo, na ngoma za Harris hazikimbii hata pale magitaa yanapotaka kukimbia.

Mdogo wangu anataka nikiri kwamba kilele cha bendi nzima ni wimbo wa *Weight*. Nakiri, kwa masharti. Ni wimbo wa zaidi ya dakika 10 unaojengwa taratibu mno, tabaka juu ya tabaka, mpaka sehemu ya mwisho ambapo sauti inayokaa juu ya magitaa inarudia mstari wake kwa upole wakati kila kitu chini yake kinazidi kuwa kikubwa. Nywele zinasimama. Sasa sikiliza ni sauti ya nani. Ni ya Maria Christopher, mwimbaji wa bendi iitwayo 27, aliyealikwa. Ni yeye huyohuyo anayesikika pia kwenye wimbo wa kwanza, *The Beginning and the End*. Kwa hiyo albamu ambayo watu wa *Oceanic* wanaitumia kama ushahidi kwamba Turner alikuwa mwimbaji mkubwa, dakika yake inayopendwa kuliko zote inaimbwa na mtu mwingine. Nilipomwambia hivyo mdogo wangu alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Lakini nani alijua kunyamaza ili yeye aimbe?"

Jibu zuri. Nililiandika, na sasa nimelitumia bila ruhusa yake.

Maana kweli kuna akili hapo. Mngurumo unaotangulia ndio unaofanya sauti ile laini iwe na bei. Wimbo kama *The Other* au *False Light* usingekuwa na mngurumo, sauti ya Christopher ingekuwa pambo tu. Pamoja na hayo, *Oceanic* kwangu ina tatizo la urefu. Saa moja na kidogo, na baada ya *Weight* nyimbo mbili zinazofuata, *From Sinking* na *Hym*, zinafanya kazi ya kumalizia kisa ambacho moyo wangu umeshakimaliza. Najua wapo wanaosema *Hym* ndiyo hitimisho bora kuliko yote. Ni rifu kubwa, sikatai. Ila inanikuta nimeshachoka.

*Panopticon* nitakaa nayo.

Jina limetoka kwa gereza lililobuniwa na Jeremy Bentham mwishoni mwa karne ya 18: vyumba vya wafungwa vimepangwa duara, katikati kuna mnara wa mlinzi, na mfungwa hawezi kujua ni saa ngapi anatazamwa, kwa hiyo anajichunga mwenyewe muda wote. Michel Foucault alilirudia wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu adhabu na magereza, na kutoka hapo likaingia kwenye mazungumzo ya kamera na serikali zinazochunguza raia wake. Albamu ilitoka mwaka 2004, na picha za jaladani ni za ardhi inayotazamwa kutoka angani. Hakuna mtu kwenye picha hizo. Unayetazama ni wewe.

Lawama kubwa dhidi ya albamu hii, hata kwa mashabiki, ni kwamba sauti imezikwa. Turner anasikika kwa nyuma, kama yuko chumba cha pili. Watu wanalaumu uchanganyaji. Mtayarishaji alikuwa Matt Bayles, ambaye mwaka huohuo alitayarisha albamu *Leviathan* ya bendi ya Mastodon, na huko waimbaji wako mbele kabisa, wanakupigia kelele usoni. Mtu yule, mwaka ule. Bayles alijua fika namna ya kumweka mwimbaji mbele, kwa hiyo hapa aliyewekwa nyuma aliwekwa kwa makusudi. Na nikiwaza habari ya gereza lile, naona palistahili. Anayenguruma kwenye *So Did We* amefungiwa kwenye kimojawapo cha vyumba vile vya duara, ukuta upo kati yako na yeye, na mnarani hajawahi kufika. Angesikika vizuri zaidi, angekuwa mlinzi.

Nafasi aliyoiacha imechukuliwa na besi. Chukua *In Fiction*. Inaanza kwa besi yenye mwangwi, noti chache zilizopigwa juu shingoni mwa gitaa ambako wapiga besi wengi wa metali hawafiki hata kwa bahati mbaya. Nimewahi kuipiga nyumbani bila kifaa cha mwangwi, na bila mwangwi si kitu, ni mtu anayejifunza vidole. Ukiwasha mwangwi, kila noti inaikuta ile iliyotangulia bado haijafa, zinajibizana, na noti chache zinageuka kuwa umati. Caxide anapiga kwa kuhesabu mwangwi huo: anaacha pengo hasa pale ambapo sauti yake mwenyewe itarudi. Harris anaingia juu yake bila haraka. Kinanda cha Meyer kinatandika chini. Dakika zinapita na hakuna aliyefungua mdomo, wala humkumbuki. Mngurumo unapokuja hatimaye, unakuta wimbo umeshaimbwa. Wenyewe unaongeza tani.

Shemeji akifika hapa huwa anaona ameshinda. "Si nilikwambia? Sehemu nzuri ni zile ambazo jamaa kanyamaza!" Na huwa ananikimbiza kwenye *Altered Course*, karibu dakika 10 za muziki unaojitosheleza, ambamo Justin Chancellor wa bendi ya Tool amealikwa kupiga besi. Wapiga besi wawili wa namna hiyo kwenye wimbo mmoja: sina cha kubisha, nitasimama nipige saluti. Lakini nimemwomba afanye jambo moja. Sikiliza *Wills Dissolve* mpaka mwisho, kisha fikiria zile sekunde ambazo magitaa yote yanafunguka, bila mtu yeyote kunguruma ndani yake. Zipo bendi nyingi nzuri zinazopiga hivyo bila mwimbaji, Pelican na Russian Circles kwa mfano, na zinapendeza. Zinakosa kitu kimoja, yule mtu mmoja mdogo aliyebanwa katikati ya ukubwa wote huo. Kwa Isis huyo mtu yupo. Huelewi anasema nini, na huhitaji kuelewa ili ujue yuko taabani.

Halafu kuna suala la vyombo vya kusikilizia ambalo ningependa lingezungumzwa zaidi. Shemeji aliwasikia Isis kwanza kwenye spika ya simu. Spika ya simu haiwezi kutoa besi. Ni ndogo mno kusukuma hewa ya kutosha, kwa hiyo noti za chini hazifiki kabisa na zile za juu zinafika zimekonda. Kinachobaki ni matoazi, magitaa membamba, na mtu anayenguruma. Mtu akiniambia Isis ni kelele tupu, huwa nauliza kwanza alitumia nini. Tafuta hedifoni za kufunika sikio, hata za kawaida, au spika mbili zenye matumbo. *Panopticon* kwenye spika ya simu ni albamu nyingine, na hiyo hata mimi siipendi.

Tukaja 2006, *In the Absence of Truth*. Mwaka huo walizunguka na Tool, na athari ya wenyeji wao inasikika: upigaji wa Harris umejaa ngoma za katikati, mizunguko isiyogawanyika kirahisi, kazi ya mikono inayofurahisha kwelikweli. Mwanzo wa *Not in Rivers, but in Drops* ni wa kumpigia mtu yeyote anayedai wapiga ngoma wa metali wanajua kasi tu. Kwa upande wa ngoma hii ndiyo albamu yao bora, sitabishana.

Tatizo ni kwamba hapa Turner aliamua kuimba. Ile sauti safi, ambayo kabla ya hapo aliitumia kwa kipimo kama mwanga wa pembeni, sasa imebeba nusu ya kazi na zaidi. Na ni sauti yenye eneo dogo. Inapanda kidogo, inashuka kidogo, haichukui hatari yoyote. Anaimba kama mtu anayeongea na simu huku mtoto amelala pembeni. Kwenye *Wrists of Kings* inafaa, kwa sababu wimbo wenyewe unaamka polepole. Kwenye *Dulcinea* naipenda hata. Ila wimbo ukifuata wimbo, sauti ileile, kimo kilekile, unaanza kusikia kitu ambacho mngurumo haukuwahi kukuonyesha: kwamba melodia ya mwimbaji na melodia ya besi zinagombea kiti kimoja. Caxide anasogea chini kumpisha. Anapiga kwa adabu. Sikumlipia mtu pesa zangu apige kwa adabu. Nafuu naipata kwenye *All Out of Time, All Into Space*, kipande kifupi kisicho na maneno, na kwenye *Garden of Light* ya mwisho ambapo hatimaye wanafungulia mabomba yote.

Watetezi wa albamu hii wapo, na wanatetea kwa hoja nzuri: bila kujaribu kuimba hapa, asingeimba vizuri baadaye. Hilo nalikubali, lakini ni sifa ya albamu iliyofuata.

*Wavering Radiant* ina sauti bora kuliko zote tano. Naandika hivyo huku nimeiweka nafasi ya tatu, na najua inaudhi. Walibadilisha mtayarishaji, wakaenda kwa Joe Barresi, na mambo yakawa makavu, ya karibu, kila chombo na kona yake. Mngurumo wa Turner haujawahi kuwa na umbo kama ulivyo kwenye *Hall of the Dead*. Unasikia ukingo wa kila neno. Sauti safi imepata mwili, na kubwa zaidi, zile mbili zimeacha kukaa vyumba tofauti. Ndani ya ubeti mmoja anahama kutoka hii kwenda ile bila mshono kuonekana, na *20 Minutes / 40 Years* ndiyo mfano ambao ningemsikilizisha mwalimu wa uimbaji. Kinanda cha Meyer nacho kimetoka uani na kuja sebuleni, hasa *Ghost Key*. Adam Jones wa Tool anachangia kwenye nyimbo mbili, na hakuja kujionyesha.

Kwa nini basi isiwe ya kwanza? Kwa sababu kila wimbo una kila kitu. Sehemu nzito ipo, sehemu laini ipo, kuimba kupo, kunguruma kupo, na baada ya nyimbo tatu unajua kona zote zilipo. *Panopticon* iliniacha nisubiri mpaka nikasahau nasubiri nini. Hii inanihudumia kwa wakati. *Threshold of Transformation* ya mwisho peke yake ndiyo inavunja ratiba hiyo, na ni bahati nzuri kwamba ndiyo iliyofunga albamu yao ya mwisho.

Kuna kichekesho kidogo pembeni: kampuni iliyotoa *Oceanic* na zote zilizofuata ni Ipecac, ambayo mmoja wa wenyewe ni Mike Patton wa Faith No More, mtu anayeweza kutoa sauti yoyote ambayo koo la binadamu linaruhusu. Mwenye sauti mia akawekeza kwa mwenye sauti mbili, na hakukosea.

Baada ya kuvunjika, historia ilitufanyia jaribio ambalo sisi wabishi tusingeweza kulipanga wenyewe. Caxide, Harris na Meyer walimchukua Chino Moreno wa Deftones, mwimbaji wa sauti laini na ya juu, wakaunda bendi ya Palms na kutoa albamu mwaka 2013. Hiyo ni Isis iliyotolewa Turner. Turner akaunda bendi ya Sumac pamoja na Brian Cook wa Russian Circles na mpiga ngoma Nick Yacyshyn, albamu ya kwanza *The Deal* mwaka 2015. Huo ni mngurumo uliotolewa Isis. Shemeji anaipenda Palms na anaipiga kwenye gari kila mara. Ni nzuri, besi inang'aa, na ikiisha siwezi kukwambia ni wimbo upi ulikuwa wa tatu. Sumac ni kinyume chake: magitaa yanavunjwavunjwa, ngoma inakataa kutulia, Turner ananguruma kwa kina ambacho Isis hawakuwahi kumpa nafasi ya kukifikia, na hakuna mtu anayepiga melodia ya kunishika mkono. Naiheshimu sana. Naisikiliza nikiwa na nguvu.

Waliwahi kupanda jukwaani tena pamoja, Los Angeles mwaka 2018, kwa jina la Celestial, kuichangia familia ya Caleb Scofield wa bendi za Cave In na Old Man Gloom, aliyefariki mwaka huo. Hawakuitumia nafasi hiyo kutangaza kurudi, na kwa hilo nawapenda zaidi.

Anayetaka kuanza leo, asianze na *Celestial* hata rafiki yetu akimshikia fimbo. Aanze na *In Fiction*, aende *Weight*, amalizie na *Hall of the Dead*. Kwa nyimbo hizo tatu atakuwa amesikia besi ikiimba, mgeni akiimba, na Turner akiimba, na ataweza kuingia kwenye ugomvi wetu akiwa na hoja. Akipenda ya kwanza anunue *Panopticon* nzima na aisikilize kwa mpangilio wake bila kurukaruka. Akipenda ya pili, nitamtambulisha kwa mdogo wangu.